SOMO LETU: UMRI WA MENO NA UMRI WA MWILI

Katika somo hili tunaongea juu ya uzee wa wanyama. Kuna watakaouliza, uzee wa mbuzi watuhusu nini sisi watu wa mtaani? Watuhusu sana. Hapa kwetu Mathare tuna soko la Kiamaiko, ambalo huletewa mbuzi kutoka kaskazini mwa Kenya. Tena tuna vikundi vya kina mama na vya vijana ambavyo huchanga pesa kidogo kidogo vikanunua mbuzi wawili watatu wa kufuga, hapa mtaani ama kule mashambani. Kikundi kikiuziwa jike mzee kwa bei ya kijana, mchango wa miezi mingi umekwenda na maji.

Tuanze na yale ambayo wazee wetu walijua. Mbuzi hana meno ya mbele katika taya la juu, ana ufizi mgumu tu. Chini anayo manane. Akiwa mdogo yote huwa ya maziwa, madogo na meupe. Anapofika kama mwaka mmoja, mawili ya katikati hung'oka na kuota makubwa mawili. Miaka miwili huwa na makubwa manne, miaka mitatu sita, na akimaliza miaka minne hivi mdomo umejaa. Baada ya hapo meno hayahesabiki tena. Mnunuzi hutazama tu kama yameachana, yamelika au yamekatika.

Lakini hapo ndipo meno huanza kudanganya. Mbuzi aliyelishwa majani makavu yenye mchanga, meno yake huisha mapema. Mwenzake wa umri uleule aliyelishwa vizuri bado anatafuna. Tena kuna habari ya damu ya ukoo. Mbuzi wa Galla, wale weupe wa kaskazini, wanasifiwa na wafugaji kwa sababu jike hukaa na meno mazuri miaka mingi na kuendelea kuzaa wakati majike wa jamii nyingine wameshachoka. Kwa hivyo mnyama ana umri wa aina mbili: ile miaka aliyoishi tangu kuzaliwa, na ule uchakavu wa mwili wenyewe. Wanasayansi wamepata njia ya kuusoma huu wa pili ndani ya damu, na hata ndani ya nywele.

Hebu tueleze. Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo seli. Ndani ya seli kuna jeni, yaani maagizo ambayo mnyama hurithi kwa baba na mama, yaliyoandikwa katika DNA. Seli ya ini na seli ya ngozi zina jeni zilezile. Mbona basi moja ni ini na nyingine ni ngozi? Fikirini safu ya vibanda kando ya barabara. Vibanda ni vilevile kila mahali, ila hapa kimefunguliwa cha mboga, pale kimefunguliwa cha fundi viatu, na vingine vimetiwa kufuli. Kufuli mojawapo katika mwili ni kemikali ndogo iitwayo methili, ambayo hushikamana na DNA. Jeni haibadiliki, ila mara nyingi ikitiwa kufuli haisomwi. Elimu ya makufuli haya ndiyo epijenetiki.

Sasa, kadiri mnyama anavyozeeka, makufuli huchanganyikana. Pengine yanaanguka, pengine yanatundikwa yasipokuwapo zamani. Kumbe mabadiliko haya hufuata mpango, hata mtu anaweza kuyahesabu na kusema huyu ana miaka kadhaa. Mwaka wa 2013 Steve Horvath wa Marekani alitoa hesabu ya namna hiyo kwa binadamu, akitazama sehemu 353 za DNA. Watu wakaiita saa ya epijenetiki. Mwaka wa 2023 yeye na wenzake wengi walitoa saa moja inayofaa wanyama wanyonyeshao kwa jumla, baada ya kupima aina 185. Mbuzi, kondoo na ng'ombe nao wameshatengenezewa saa zao. Huko Queensland, Australia, watafiti wametumia nywele za mkia wa ng'ombe, maana katika mashamba makubwa ya kule ng'ombe wengi hawajulikani walizaliwa lini.

Hata hivyo utafiti unaotufunza zaidi haukufanywa mbali. Umefanywa Amboseli, chini ya Mlima Kilimanjaro, na mnyama mwenyewe ni nyani. Jeanne Altmann na mumewe Stuart walianza kuwafuata nyani wa huko mfululizo mwaka wa 1971, na kazi hiyo haijakoma. Kila nyani wa makundi yale ana jina. Imeandikwa alizaliwa lini, mamake ni nani, nani anamwogopa nani. Nyani wa mwitu ambaye siku yake ya kuzaliwa inajulikana si jambo dogo. Wengi wetu tuna babu ambao vitambulisho vyao viliandikwa kwa kukisia.

Mwaka wa 2016 Jenny Tung, Susan Alberts na wenzao walitazama majike 196 wa Amboseli. Waliuliza kila mmoja alipata shida gani utotoni: ukame, kuzaliwa katika kundi lenye msongamano, mama mwenye cheo cha chini, mama asiye na marafiki, kufiwa na mama, ama kufuatwa upesi na mdogo wake. Jike aliyepatwa na shida tatu au zaidi alikufa mapema kwa kama miaka kumi, akilinganishwa na yule aliyepata moja au hakupata kabisa. Miaka kumi kwa nyani ni maisha!

Basi mtu angetegemea kwamba saa ya makufuli ingeonyesha hao wenye utoto mgumu wamezeeka haraka. Mwaka wa 2021 walipima nyani 245. Katika watafiti alikuwamo Mkenya, Dkt. Mercy Akinyi. Saa ilifuata miaka vizuri, lakini shida za utotoni hazikuonekana kuisukuma. Kilichoisukuma ni cheo cha dume. Dume mkubwa, yule ambaye wenzake wanampisha na ambaye hupata majike, mwili wake ulisomeka mzee kuliko miaka yake. Na alipopanda cheo au kushuka, saa nayo ilimfuata. Ukubwa wa dume wa nyani hupatikana kwa kupigana, kwa hivyo hatukushangaa sana.

Wengine wangependa kuficha sehemu hii kwa sababu haipatani vizuri na ile ya 2016. Sisi twaona ndiyo yenye faida. Utoto mgumu ulikata maisha, na saa hii haikuuona. Maana yake ni kwamba saa moja haisomi kila kitu. Utafiti mwingine wa 2024 wa nyani haohao, uliotazama DNA kwa upana zaidi, ulikuta kwamba kuzaliwa wakati mazingira ni mabaya huacha alama zake katika makufuli. Shida za namna nyingine, kama mama mwenye cheo cha chini, ziliacha alama chache zaidi.

Ukubwa nao hauzeeshi kila mnyama. Kuna fuko asiye na manyoya, mdogo kama panya, anayechimba mashimo katika sehemu kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia. Panya wa kawaida akipata miaka mitatu minne ameshukuru. Huyu hupita 30. Koloni lote lina malkia mmoja anayezaa, na saa ya epijenetiki imeonyesha kwamba malkia huzeeka polepole kuliko wale wasiozaa. Tofauti kabisa na dume wa nyani.

Turudi kwa mifugo. Mwaka wa 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walitoa habari za kondoo. Dume aliyehasiwa, saa yake ya mwili huenda polepole kuliko ya dume mzima. Tangu zamani ilijulikana kwamba aliyehasiwa huishi zaidi akiachwa, sasa tunaanza kuona sababu yake ndani ya seli: homoni za kiume. Bila shaka hapa kwetu haachwi, huwa ndafu wa arusi kabla saa haijapiga.

Je, mwenye mbuzi afanye nini na haya yote? Kwanza asingoje mashine. Saa hizi bado ni kazi ya watafiti, si chombo cha sokoni. Pale Kiamaiko fungua mdomo, halafu usiishie kwenye meno. Tazama kwato, shika mgongo uone nyama, kamua kidogo uone kama chuchu zote mbili zinatoa, ondoa kope ya chini utazame kama ndani ni pekundu au ni peupe. Peupe mara nyingi ni damu kidogo, na minyoo mingi.

Pili, jike mchanga asipandwe kwa sababu tu amepata joto. Angoje afikie kama thuluthi mbili za uzito wa mbuzi mzima wa jamii yake. Mimba ni miezi mitano, na ukimbebesha bado anakua, watagawana chakula yeye na mtoto, wote wadumae. Mtoto apate dang'a, yaani maziwa mazito ya kwanza, saa zilezile za kwanza. Ushauri huu ni wa zamani, haukungoja epijenetiki.

Jambo moja kwa wasomaji waliokulia maisha magumu, na mtaani kwetu si wachache. Msisome habari ya nyani mkasema, basi mimi nimekwisha andikiwa. Mwaka wa 2023 kundi lilelile la watafiti lilieleza kwamba majike wa Amboseli waliokuwa na marafiki wa karibu ukubwani waliishi zaidi, hata wale waliopata shida utotoni. Na mtu akija mtaani kuwauzia dawa ya kurudisha ujana kwa kutaja majina haya ya jeni, mwulizeni ameipima kwa nani na kwa miaka mingapi.

Vikundi vyenye mbuzi, nunueni daftari moja. Kila mbuzi apewe jina au namba. Andikeni tarehe ya kuzaliwa, mama, baba kama ajulikana, walizaliwa wangapi, kama alipata dang'a, alipandwa lini, alizaa lini, maziwa kiasi gani, aliugua nini. Aliyenunuliwa bila tarehe, andikeni meno yake siku ile aliyoingia. Akifa au akiuzwa, andikeni siku na sababu, na ukurasa wake usichanwe.