Kunasa, Kufukia, Kugeuza Jiwe: Msamiati wa Hewa Ukaa na Mkulima wa Nyeri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoutaja utaratibu wa kuondoa hewa ukaa angani kwa kutumia madini, na athari za uteuzi wa maneno hayo kwa mkulima wa Nyeri.

Jina la hewa yenyewe lina utata. Mara nyingi huitwa "hewa chafu". Jina hili linapotosha: mkulima wa Othaya akilisikia hufikiria moshi wa malori, ilhali michai yake inaishi kwa hewa hiyo hiyo. "Hewa ukaa" ni bora, kwa kuwa makaa yamo ndani yake. Msikilizaji wa bara huenda akalihusisha na kitenzi kukaa. Si kosa kubwa, maana hewa hiyo hukaa angani karne nyingi.

Utata mzito zaidi umo katika vitenzi. Ng'ambo ya safu ya Nyandarua, huko Gilgil, kampuni ya Octavia Carbon iliyoanzishwa mwaka 2022 iliweka mitambo ambayo vichujio vyake huishika hewa ukaa, kisha joto huiachilia ili ikusanywe. Hapa "kunasa" kunafaa, kwani kilichonaswa chaweza kuponyoka. Kuipeleka ndani ya mwamba wa volkeno ni tendo jingine. Nchini Iceland, mradi wa Carbfix uliiyeyusha majini na kuisukuma ndani ya basalti mwaka 2012. Katika muda usiozidi miaka 2, sehemu yake kubwa ilikuwa imegeuka jiwe. Hewa hiyo haikunaswa wala haikufukiwa tu, bali ilibadilika umbo.

Tendo linalokaribiana na hilo si geni Nyeri. Mvua ya Mlima Kenya huyeyusha hewa ukaa, ikawa asidi dhaifu inayoula mwamba wa volkeno. Kaboni hiyo huteremka na maji ya Sagana hadi Tana na baharini. Udongo mwekundu wa Tetu ni masalia ya kazi hiyo. Kusaga mwamba na kuunyunyiza shambani ni kuiharakisha tu. Unga huo usichanganywe na chokaa: chokaa ya kujengea ikikauka ukutani huvuta tena hewa ukaa iliyotoka tanurini, haiongezi.

Miti nayo husemwa kuwa "hunasa". Lakini mti ukichomwa, hewa hurudi. Jiwe huishikilia kwa maelfu ya miaka. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya Kenya ya mwaka 2023 yalitaka miradi ya kaboni katika ardhi ya umma na ya jamii iwe na makubaliano ya maendeleo ya jamii. Mkulima wa Tetu mwenye hati yake binafsi hubaki na mkataba wake peke yake. Ukiandika "kunasa" kwa mti, mtambo na mwamba, hatajua anaahidi nini, wala kwa muda gani. Kwa mwamba, "kugeuza jiwe" kunatosha, na hata mzee asiyesoma kemia atauliza swali linalofuata: jiwe hilo ni la nani?