KIPAKATALISHI NA MACHO YA WATU

Makala haya nimewaandikia wenzangu ambao wazazi wao wanajikaza kununua kipakatalishi, au laptopu kama tusemavyo nje ya darasa. Januari iliyopita chombo hiki nusura kituvunjie amani kwetu Makongeni, hapa Thika.

Dadangu alikuwa amepata nafasi ya kusomea uhasibu katika chuo kimoja mjini Ruiru. Mamangu, ambaye huuza mboga, alikuwa amepokea zamu yake ya chama, shilingi 32,000. Dada akasema anataka MacBook, wala si kitu kingine. "Mama, ukiingia darasani na zile nyeusi kama za ofisi ya chifu, watu wanakuona umetoka ushago." Mama akamtazama, kisha akauliza, "Na hiyo makibuku yako inapika?"

Hebu tuanze na somo lenyewe. Kila kompyuta ina mwili na ina mfumo wa uendeshaji, yaani programu kuu inayoziongoza programu nyingine zote. Macintosh ya kampuni ya Apple ilitoka mwaka wa 1984, na Windows ya Microsoft ikafuata mwaka wa 1985. Apple hutengeneza mwili na mfumo wote wawili. Microsoft nayo huuza Windows kwa kampuni nyingi, ndiyo maana unaiona kwenye HP, Dell na Lenovo. Wa tatu ni Linux, ulioanzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Helsinki. Huo ni wa bure, na mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua ndani na kuubadilisha. Ni kwa njia hiyo watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliweza kutoa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili kitupu. Wanachama wenzangu, hilo mlilijua?

Sasa tuje kwa macho ya watu. Mwenye MacBook huitwa sonko, hata kama nauli ya kurudi nyumbani ameazima. Mwenye HP au Lenovo nyeusi huonekana karani, au mtu wa saiba. Mwenye Linux ndiye mwizi kabisa! Mjomba alinipa kompyuta yake kuukuu, na kwa kuwa Windows 10 iliachwa kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, nikaitia Linux kwa kutumia flashi. Jirani yetu aliona maandishi meupe yakipita kwenye skrini nyeusi, akaenda kumwambia mama anichunge, ati nitawaibia watu pesa za M-Pesa. Maskini mimi, nilikuwa nasubiri tu ijiwashe.

Basi siku ya Jumamosi tukapanda matatu, watatu sisi, kwenda Ruiru. Tulipopita Juja nilimkumbusha dada kuwa chuo kikuu cha JKUAT kilikuwa miongoni mwa waliopewa kandarasi ya tableti za watoto wa darasa la kwanza, katika mpango wa serikali ulioanza kuzisambaza mwaka wa 2016. Akaniuliza, "Na ushaona mtu akijivunia nayo?" Sikuwa na jibu.

Dukani, muuzaji wa laptopu zilizotumika Uingereza alituwekea mbili mezani, bei zikikaribiana: MacBook Air ya 2015 na Lenovo ThinkPad T480. Ile ya kwanza ilikuwa nyembamba, inang'aa, na dada aliishika kama mtu anayepokea mtoto mchanga. "Mathe, hii ndiyo ya kisasa," muuzaji akasema. Mama akanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye nisomaye Somo la Kompyuta.

Nilisema niliyoyajua. MacBook Air ile, kumbukumbu yake (mafundi huiita RAM) imechomelewa ndani, huwezi kuiongeza kamwe. Tena mfumo wake hauwezi kupita toleo la mwaka wa 2021, ambalo Apple hailihudumii tena. ThinkPad ile ina nafasi za kuongeza kumbukumbu, inakubali Windows 11, na betri yake ya nyuma huchomolewa kama ya tochi. Kwetu stima hupotea wiki nzima, hilo si jambo dogo. Kusema kweli, MacBook zilizotengenezwa tangu 2020 kwa vichipu vya Apple yenyewe ni nzuri ajabu na hukaa na chaji muda mrefu, ila bei yake ingemeza zamu za chama za wanawake kadhaa. Tena ukinunua MacBook iliyotumika, sharti ifutwe na kuwashwa upya mbele yako ikiwa kwenye intaneti. Iliyokuwa ya kampuni ng'ambo huweza kudai nywila ya mwenyewe, ukabaki na sinia.

Halafu nikasema langu. Mradi wa KCSE sisi tunaufanya kwa Microsoft Access, na Access haina toleo la Mac. Kidato chetu ndicho kinachotarajiwa kuwa cha mwisho cha 8-4-4, mtihani 2027. Nikianguka sina darasa la kurudia. Dada akanitazama kwa jicho kali: "Kwa hivyo ni laptopu yako ama yangu?"

Swali hilo lilikuwa la haki, nami bado linanichoma. Tulizoea kusema kizuri chajiuza, lakini anayeingia darasa la watu asiowajua hajali kumbukumbu ni gigabaiti ngapi, anajali watakavyomwita. Yule aliyekuwa akijali Access ni mimi, na pesa hazikuwa zangu.

Mama alilipia ThinkPad. Kwenye matatu ya kurudi dada aliipakata juu chini, nembo ikiangalia magoti yake. Ijumaa ya kwanza alirudi kutoka chuoni akaniambia kuna msichana ameiita "ya chifu", jinsi alivyotabiri yeye mwenyewe. Nilitaka kucheka, nikajizuia.

Siku hizi tuna mpango: yeye ana siku zote, mimi nina Jumamosi tangu saa nne hadi mama arudi kutoka sokoni. Nembo ameifunika kwa kibandiko cha ua jekundu. Nikimaliza kazi zangu za Access naifuta vumbi, ila kibandiko sikigusi.