ELIMU YA FEDHA: Kujiunga na Chama kwa Tamaa ya Mgao – Somo kutoka Uingereza

Kila mwaka msimu wa mikutano mikuu ya Sacco unapokaribia, swali linalosikika sokoni, kwenye stendi na katika vyumba vya walimu ni moja: "Mwaka huu watatoa asilimia ngapi?" Ni wachache wanaouliza pesa hizo zinatoka wapi, na baada ya kugawanywa chama kitabaki na nini.

Uingereza ilipitia jambo kama hili miaka ya 1990, kwa kiwango kikubwa mno. Katika somo hili tutaona jinsi mamilioni ya watu walivyopata pesa za ghafla kutoka kwa vyama vyao vya akiba, yaliyovipata vyama hivyo baadaye, na maswali ambayo mwanachama wa Sacco katika kaunti yetu anafaa kuuliza kabla ya kujiunga au kupiga kura.

1. Vyama vyenyewe vilikuwa nini?

Vyama vya ujenzi wa nyumba vilianza Uingereza katika karne ya 18. Kimoja cha mwanzo kabisa kinachojulikana kilianzishwa mwaka wa 1775 na Richard Ketley, mwenye baa mjini Birmingham. Watu walichanga pesa kila mwezi, na mchango huo ukawajengea wanachama nyumba mmoja baada ya mwingine. Mkenya yeyote aliyewahi kukaa katika chama cha mzunguko ataelewa mara moja.

Baadaye vyama hivi vilikua vikawa vya kudumu. Mtu aliweka akiba, mwingine akakopa kununua nyumba, na wote wawili walikuwa wanachama. Hapakuwa na wenye hisa wa nje wa kulipwa faida. Kila mwanachama alikuwa na kura moja, awe ameweka pauni 100 au pauni 10,000. Ziada iliyopatikana ilibaki ndani ya chama kama hazina ya akiba, mwaka baada ya mwaka. Haba na haba hujaza kibaba, na kufikia miaka ya 1980 baadhi ya vibaba hivyo vilikuwa vimejaa sana.

2. Mlango ulifunguliwaje?

Sheria ya mwaka wa 1986 iliruhusu chama kama hicho kugeuka kampuni, ikiwa wanachama watapiga kura kukubali. Abbey National ndiyo iliyotangulia, mwaka wa 1989. Kila mwanachama aliyestahili alipewa hisa 100 za bure.

Hapo ndipo watu walipofahamu kwamba kitabu cha akiba kinaweza kuleta zaidi ya riba. Mwaka wa 1997 wimbi lilifika kilele: Alliance & Leicester, Halifax, Woolwich na Northern Rock zote ziligeuka kampuni mwaka huo mmoja. Halifax pekee iligawia hisa watu zaidi ya milioni 7. Kiwango cha chini kilikuwa hisa 200, na siku ya kwanza sokoni kila hisa iliuzwa kwa zaidi ya pauni 7. Mtu ambaye hakuwa na zaidi ya akiba ndogo alijikuta na mali ya zaidi ya pauni 1,400 bila kutoa jasho.

3. Wabeba mifuko ya zulia

Tetesi zilianza kuenea: chama gani kitafuata? Watu wakazunguka nchi nzima wakifungua akaunti katika kila chama kilichosalia. Waliweka kile kiasi cha chini tu kilichohitajika, kisha wakangoja. Waingereza waliwaita wabeba mifuko ya zulia. Jina hilo lilitoka Marekani, ambako baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe watu wa kaskazini walihamia kusini kutafuta utajiri wa haraka, mali yao yote ikiwa ndani ya mfuko ulioshonwa kwa kitambaa cha zulia.

Wengine hawakungoja. Walijipendekeza kugombea viti vya bodi, au waliwasilisha hoja mkutanoni ili wanachama walazimishe chama kigeuzwe. Mwaka wa 1998 wanachama wa Nationwide, chama kikubwa kuliko vyote vilivyobaki, walikataa hoja ya aina hiyo kwa tofauti ndogo ya kura. Mwaka wa 1999 hoja ya mwanachama mmoja ilipita katika Bradford & Bingley, ingawa bodi iliipinga, na mwaka uliofuata chama hicho kikawa kampuni.

Vyama vilijikinga. Baadhi vilipandisha kiasi cha kufungulia akaunti. Kuanzia Novemba 1997 Nationwide iliwataka wanachama wapya watie saini kwamba, chama kikigeuzwa, pesa zozote za ghafla zitakazowafikia zitaenda kwa hisani. Aliyefungua akaunti kwa ajili ya bahati peke yake hakuwa na sababu tena ya kupiga foleni.

4. Pesa zilitoka wapi?

Hili ndilo kiini cha somo. Pesa zile hazikuwa zawadi ya serikali wala faida ya mwaka huo. Zilikuwa thamani iliyojengwa na wanachama wa vizazi vilivyotangulia, wengi wao wakiwa wamekwisha kufariki. Hazina ile ndiyo iliyokiwezesha chama kutoza riba nafuu kwa mkopaji na kuhimili miaka mibaya. Waliokuwamo siku ya hesabu waliichukua. Kijana aliyehitaji mkopo wa nyumba miaka 10 baadaye hakuwa na kura.

5. Mwisho wake

Kati ya vyama vilivyogeuka kampuni, hakuna hata kimoja kinachojitegemea leo. Woolwich ilinunuliwa na Barclays mwaka wa 2000. Abbey National ilienda kwa Santander ya Uhispania mwaka wa 2004, na Alliance & Leicester ikafuata mwaka wa 2008. Halifax, iliyokuwa imeungana na Bank of Scotland, ilichukuliwa na Lloyds mapema mwaka wa 2009.

Northern Rock ndiyo funzo chungu zaidi. Sheria ilitaka chama cha ujenzi kipate angalau nusu ya pesa zake kutoka kwa wanachama. Kampuni haikubanwa na kanuni hiyo, na Northern Rock ikakua haraka kwa pesa za kukopa katika masoko ya fedha. Masoko yalipofunga mifereji mwaka wa 2007, wateja walipanga foleni barabarani kutoa akiba zao. Februari 2008 serikali iliitaifisha. Hisa iliyouzwa kwa zaidi ya pauni 12 mwanzoni mwa 2007 haikulipiwa fidia hata senti moja. Aliyeuza mapema alipata. Aliyehifadhi hisa zake za bure kama urithi wa watoto alibaki na karatasi. Bradford & Bingley nayo ilitaifishwa Septemba mwaka huo huo.

Tuseme ukweli wote: kubaki chama si kinga kamili. Dunfermline, chama cha ujenzi kule Scotland, kilianguka mwaka wa 2009 kwa sababu ya mikopo mibaya. Wala kugeuka benki si kosa. Hapa kwetu Equity ilianza mwaka wa 1984 kama Building Society, ikapata leseni ya benki mwaka wa 2004, na leo ni kati ya benki kubwa zaidi nchini. Jambo la kuangalia ni sababu ya mabadiliko na nani anabeba hatari baadaye.

Nationwide bado ni chama. Mwaka wa 2023 iliwalipa wanachama wake waliostahili pauni 100 kila mmoja kutoka kwa ziada, na hazina ikabaki.

6. Sisi tufanye nini?

Sacco zetu pia ni za wanachama, mtu mmoja kura moja. Kwa hivyo:

• Usijiunge na Sacco kwa sababu ya asilimia ya mwaka mmoja. Kumbuka tofauti kubwa na Uingereza: amana zinazodhamini mikopo yako huwezi kuzitoa upendavyo. Hutolewa ukijiondoa uanachama, mara nyingi kwa notisi ya siku 60, na si kabla ya kulipa mkopo wako na kuachiliwa udhamini wako kwa wengine. Aliyetawanya pesa katika Sacco tano huenda akahitaji karo Januari na asizipate.

• Kagua orodha ya SASRA uone kama Sacco inayochukua amana ina leseni. Ahadi ya pesa nyingi za haraka ni sababu ya kuuliza zaidi.

• Tofautisha hisa na amana. Hisa hupata mgao, amana hupata riba. Hisa kwa kawaida hazirudishwi. Humwuzia au kumhamishia mwanachama mwingine.

• Soma hesabu kabla ya mkutano. Mgao umetoka kwa ziada ya mwaka, au Sacco imekopa ili ilipe? Kanuni zinataka angalau asilimia 20 ya ziada iwekwe katika hazina ya lazima. Uliza kama imewekwa.

Swali la kujadili katika kikundi chako: Mwanachama mmoja anasema, "Tugawane kiwanja cha chama chote sasa, kila mtu ajijue." Kiwanja hicho kilinunuliwa na waanzilishi, na wanachama wapya 30 wamejiunga mwezi uliopita. Mtapiga kura vipi, na mtamweleza nini mtoto wenu atakayetaka kujiunga mwaka wa 2040?