Uandishi wa Vichwa vya Viraka katika Programu Huria

Utangulizi

Programu huria ni programu ya tarakilishi ambayo msimbo wake uko wazi: yeyote ana idhini ya kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Badiliko linalopendekezwa na mchangiaji huitwa kiraka, nacho hutanguliwa na kichwa cha mstari mmoja. Makala haya yanadai kuwa kichwa hicho ni aina ya uandishi yenye kanuni zake, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili tayari anazo nyenzo za kuimudu. Suala hili latuhusu, kwani programu hizi hutafsiriwa pia kwa Kiswahili. Mwaka 2004, kwa mfano, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini kwa lugha yetu.

Muundo wa Kichwa

Tuchukue mfano wa Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Viraka vyake hutumwa kwa barua pepe. Mwongozo wake unataka kichwa kitaje kwanza sehemu ya programu inayoguswa, zifuate nukta mbili, kisha maelezo mafupi ya badiliko yasiyozidi herufi 70 hadi 75. Kitenzi huwa katika hali ya kuamrisha, kana kwamba mwandishi anauagiza msimbo ubadili mwenendo wake. Tulinganishe vichwa vitatu vya kubuni:

(a) Marekebisho madogo
(b) Nimerekebisha tafsiri
(c) tafsiri: Tofautisha umoja na wingi katika ujumbe wa kufuta faili

Kichwa (a) ni kirai nomino kinachoweza kubandikwa juu ya kiraka chochote. Katika (b), kiambishi ni- kinamtaja mtendaji, ilhali jina lake limekwisha kurekodiwa kwingine. Tusilolijua ni kilichorekebishwa. Kichwa (c) kinataja mahali, tendo na mipaka yake. Msomaji anabaini kuwa kosa lilikuwa la upatanisho wa kisarufi: mtumiaji aliyekuwa akisoma "Faili 1 zimefutwa" sasa atasoma "Faili 1 imefutwa".

Kichwa kama Ushahidi

Umuhimu wa kichwa hauishi kiraka kinapokubaliwa. Git, mfumo wa kuhifadhi historia ya msimbo ambao Torvalds aliuunda mwaka 2005, unaweza kuorodhesha mabadiliko kwa vichwa pekee. Hitilafu ikizuka miaka kadhaa baadaye, mtunzaji wa programu hupitia orodha hiyo akitafuta chanzo. Kichwa kama (a) humlazimu kufungua kiraka kizima. Vikiwa mia moja, ni kazi ya siku nyingi.

Hatari kubwa zaidi ni kichwa kinachopotosha. Mchangiaji akiandika "Sahihisha tahajia" ilhali kiraka kimebadilisha pia namna faili zinavyofutwa, mkaguzi huenda akakipitisha kwa haraka, na anayeathirika ni mtumiaji aliyepoteza kazi yake. Hapa ufupi haumwondolei mwandishi wajibu wa kusema kweli. Iwapo kichwa hakikamiliki bila vitenzi viwili vilivyounganishwa kwa "na", kosa aghalabu si la kichwa bali la kiraka: yafaa kigawanywe mara mbili.

Hitimisho

Tumeona kuwa kichwa bora hutaja mahali, hutumia kitenzi mahususi, na hakiahidi zaidi wala pungufu ya kilichofanywa. Kabla ya kutuma kiraka, mchangiaji amsomee mwenzake kichwa peke yake. Mwenzake akiweza kueleza ni nini kilichobadilika na wapi, kichwa kimetosha. Akilazimika kuuliza, jibu atakalopewa ndilo lililostahili kuandikwa. Mambo haya hayahitaji stadi ngeni kwetu: uteuzi wa kitenzi, ubanaji wa maneno na upatanisho wa ngeli ndiyo tuliyofunzwa. Inafaa basi wanafunzi wa Kiswahili wajitokeze kutafsiri programu huria na kukagua tafsiri zilizopo.