Ng'ombe Kashiba Lakini Anakonda? Lisha Kwanza Vijidudu vya Tumboni



Leo tujibu swali ninaloulizwa kila kiangazi nikifika Kiongoroni: "Afisa, ng'ombe wangu anashinda anakula, tumbo limejaa, mbona mbavu zinahesabika?" Wengi wanakimbilia dawa ya minyoo. Minyoo inawezekana, lakini mara nyingi shida ni kwamba tumbo limejaa huku wafanyakazi wa ndani wana njaa.

Nani anameng'enya majani?

Ng'ombe mwenyewe hana kimeng'enya cha kuvunja nyuzinyuzi ngumu za majani, kama sisi binadamu tu. Kazi hiyo inafanywa na bakteria, protozoa na kuvu wanaoishi kwenye rumeni, yaani lile tumbo kubwa la upande wa kushoto. Mililita moja tu ya maji ya rumeni, ambayo haijazi hata kijiko cha chai, inaweza kuwa na bakteria bilioni 10.

Mle ndani hakuna oksijeni, na joto ni kama nyuzi 39. Kuvu wanapasua bua, bakteria wanajishika kwenye mipasuko na kulichachua. Ng'ombe akicheua anasaga upya, na mate yake yanapunguza ukali wa asidi. Asidi zinazotokana na uchachuaji huingia kwenye damu na kumpa karibu asilimia 70 ya nguvu zake. Gesi anaibeua. Halafu vijidudu vyenyewe vinasombwa na chakula hadi tumbo la nne, vinameng'enywa, vinakuwa protini ya ng'ombe. Kwa hiyo unapomlisha ng'ombe, unalisha vijidudu kwanza.

Kwa nini mabua matupu hayatoshi?

Vijidudu vinahitaji nguvu na protini. Chakula chenye protini chini ya asilimia 7 hivi kinavidumaza. Mabua ya mpunga yana kama asilimia 3 hadi 5 tu. Vijidudu vikipungua, bua linakaa tumboni muda mrefu, tumbo linabaki limejaa, na ng'ombe anashindwa kula zaidi. Hapo sasa anaanza kuyeyusha mwili wake. Jike aliyekonda hapandi joto, na sokoni dume aliyekonda unaambiwa bei ya aibu.

Ufanye nini?

1. *Usichome mabua.* Baada ya kuvuna, yakaushe, yafunge na uyaweke juu ya kichanja, chini ya paa. Maji ya mvua yakiingia, ukungu utayaharibu.

2. *Changanya na majani mabichi yenye protini.* Majani ya lukina au glirisidia, marando ya viazi, majani ya kunde baada ya kuvuna. Kilo 2 hadi 3 kwa ng'ombe mmoja kwa siku zinaleta tofauti. Majani ya muhogo yakaushe kwanza, mabichi yana sumu. Ukipata mashudu ya nazi au alizeti, nusu kilo hadi kilo moja inasaidia sana.

3. *Katakata mabua* vipande vifupi, lakini usiyasage unga. Akikosa nyuzi za kutafuna hatacheua vizuri.

4. *Maji baridi kila siku.* Huku delta maji ya mitoni yanachanganyika na ya bahari. Maji ya chumvi kali hayafai. Ng'ombe mkubwa anahitaji lita 30 au zaidi siku ya joto.

5. *Badilisha chakula polepole*, kwa wiki 2 hivi. Vijidudu vinavyochachua bua si vilevile vinavyochachua nafaka.

Tahadhari tatu

- Ng'ombe akivamia mpunga au mahindi yaliyovunwa na kula mengi ghafla, rumeni inajaa asidi na anaweza kufa. Mwondoe haraka na uite mtaalamu.
- Usimpe urea ya shambani kwa kukisia. Kidogo tu kikizidi kinaua. Kuna njia ya kusindika mabua kwa urea, lakini mara ya kwanza fanya ukiwa na afisa mifugo wako.
- Usimnyweshe ng'ombe mkubwa antibayotiki kwa mdomo bila ushauri. Inaua na wafanyakazi wake.

Utajuaje kazi inakwenda?

Ng'ombe wakiwa wamepumzika kivulini, zaidi ya nusu wawe wanacheua. Weka ngumi kwenye shimo la ubavu wa kushoto, usubiri: rumeni itakusukuma mara moja au mbili kwa dakika. Kisha angalia kinyesi. Kikiwa kigumu, kimepangana kama mikate na kina nyuzi ndefu, vijidudu vimepungukiwa protini. Ongeza majani mabichi, na baada ya siku chache angalia tena.

Mvua ziko mbali, ila mabua yako shambani sasa hivi. Anza na kichanja, na panda lukina mstari mmoja kwenye mpaka wa shamba kwa ajili ya kiangazi kijacho.