Kisichoandikwa kwenye Cheti: Mafunzo Niliyopata katika Usalama wa Mtandao

Niko kitengo cha usalama wa mtandao katika benki moja jijini Dar es Salaam, na mara nyingi huitwa kuwasaili vijana wanaoomba kujiunga nasi. Wengi wana vyeti vizuri. Cheti kinanieleza mtu amesoma nini, lakini hakinielezi atakuwaje saa tisa usiku mbele ya lundo la tahadhari ambazo karibu zote ni za uongo. Kwa hiyo nimejifunza kutafuta tabia.

1. Asiyeacha dogo lipite

Mwaka 1986, katika maabara ya Lawrence Berkeley kule Marekani, mwanaastronomia Clifford Stoll alikuwa amehamishiwa kitengo cha kompyuta. Akapewa kazi ya kutafuta kwa nini hesabu za matumizi ya mashine zilipishana kwa senti 75. Angeweza kusema ni kasoro ya programu, yakaisha. Badala yake alizifuata senti hizo hadi kwa Markus Hess, mdukuzi wa Ujerumani aliyekuwa akiliuzia KGB, shirika la ujasusi la Kisovieti, taarifa alizoiba.

Mwaka 2024, Andres Freund aliona kuingia kwenye seva kunachukua nusu sekunde zaidi ya kawaida. Alipochimba akakuta mlango wa siri umepachikwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili iliyo kwenye mifumo mingi ya Linux. Freund ni mtaalamu wa hifadhidata. Ulinzi haukuwa kazi yake. Kilichomsukuma ni kwamba nusu sekunde ile ilimkera.

2. Anayeuliza hata jambo lililozoeleka

Februari 2016, printa inayochapa taarifa za miamala katika Benki Kuu ya Bangladesh iligoma. Wafanyakazi wakadhani ni ubovu wa kila siku. Kumbe wadukuzi walikuwa ndani ya mfumo, wakijaribu kuhamisha karibu dola bilioni 1. Dola milioni 81 zikaishia Ufilipino. Printa hugoma kila mahali, nasi tunazo za namna hiyo. Mtu anayetufaa ni yule anayeitengeneza huku akijiuliza: kwa nini leo, na kwa nini hii?

3. Asiyechoshwa na kazi isiyo na shangwe

Sinema zimewadanganya vijana. Siku zetu nyingi ni kusoma kumbukumbu za mfumo, kufunga akaunti za walioacha kazi, na kuhakikisha kila mashine imewekewa sasisho. Kirusi cha WannaCry kilipovuruga hospitali za Uingereza Mei 2017, Microsoft walikuwa wametoa sasisho la kuziba tundu lile tangu Machi. Hapakuhitajika gwiji, alihitajika mtu wa kupita mashine moja baada ya nyingine. Anayetafuta msisimko kila siku, kwetu atakonda.

4. Mpole kwa aliyenaswa

Hili ndilo watu hawalitarajii, na ndilo nalithamini kuliko yote. Mfanyakazi wa kaunta akibofya kiungo kibaya, dakika za mwanzo ndizo zenye thamani. Akijua atafokewa, atanyamaza na kuomba Mungu yapite. Akijua atasikilizwa, atapiga simu hapohapo. Nina mwenzangu ambaye husema tu, “Dada, umefanya vizuri kunipigia. Chomoa waya wa mtandao, usizime kompyuta, nakuja.” Matawini wanampigia yeye kwanza, kwa hiyo habari mbaya humfikia mapema kuliko sisi wote.

Vilevile simwajiri anayewacheka waliotapeliwa. Ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” tunautania, lakini unanasa kwa sababu humfikia mtu ambaye kweli alikuwa anajiandaa kumtumia mwenye nyumba kodi. Tapeli anaijua haraka ya binadamu na wasiwasi wake, anaandika kwa Kiswahili chepesi. Mlinzi asiyewaelewa watu, akaongea istilahi tupu, ameshazidiwa kete.

5. Anayejua mpaka

Kuna kijana aliyejisifu mbele yetu kwamba aliwahi kuingia kwenye mfumo wa matokeo wa chuo chake, akatazama tu, hakubadilisha kitu. Ujuzi alikuwa nao, kazi hakupata. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inahesabu kuingia bila idhini kuwa kosa, hata kama hukuiba. Na majaribu ya kazi hii huja kwa sura ya undugu: shemeji anaomba umwangalizie salio la mpangaji anayemdai. Anayefaa husema “hapana, shemeji” bila kuzungushazungusha, na kesho yake wanasalimiana kama kawaida.

Siku hizi, baada ya maswali ya kitaalamu, huwa naongeza moja: “Nieleze kitu kidogo kilichokukera mpaka ukakitafutia sababu.” Kuna aliyezungumzia umeme wa luku uliokuwa ukiisha haraka kuliko matumizi yao, akawa anazima kifaa kimoja kimoja na kuandika usomaji wa mita, hadi akagundua waya wa jirani. Nikamuuliza alimwambiaje jirani. Alivyonijibu, kwa adabu na bila kumdhalilisha mtu, nikajua huyu mengine tutamfundisha.