NANI AAMUE: WAZEE AU KORTI?

Wanachama wenzangu, dola si serikali. Dola ni nchi na watu wake. Serikali huja ikaenda. Katika dola Bunge hutunga sheria, serikali huitekeleza, mahakama huamua kesi.

Sasa tuje kwetu Garsen. Ng'ombe wameingia shamba, mahindi yameliwa. Wapokomo wana wazee wa Gasa, Waorma wana Matadeda. Wakikaa wakapatana fidia, yamekwisha. Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 chakubali njia hiyo, bora isivunje haki za mtu. Lakini mwaka 2012 damu ilimwagika hapa Tana Delta, wakafa watu zaidi ya 100. Wako wasemao hata hayo yalipwe ng'ombe. Mimi sikubali! Kuua ni kosa juu ya dola nzima, si juu ya ukoo mmoja. Kesi ya mauaji ni ya Mahakama Kuu, nayo hukaa papa hapa Garsen. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama ya Rufaa, na kesi chache hufika Mahakama ya Upeo yenye majaji saba.

Na kadhi je? Yeye ni wa ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Ya ng'ombe usimpelekee.